Mizani ya Mkono

Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wote hakiujui mkono wa mtu yeyote. Kiatu cha dukani hukatwa kwa kukisia miguu elfu. Kiatu cha fundi hukatwa kwa kupima mguu mmoja. Neno hili likisemwa juu ya viatu na nguo, watu hulikubali bila ya ubishi. Likisemwa juu ya usukani wa mchezo wa kompyuta, wengi hucheka, maana mchezo huhesabiwa kuwa jambo la watoto. Hata hivyo, katika nyumba moja ya Nakuru kazi hiyo ilifanywa na mtu mzima, mwalimu wa hesabu, na mwisho wake haukuwa wa kitoto.

Mwalimu alinunua usukani wa Logitech G27 uliokwisha kutumika na mtu mwingine. Usukani wa aina hiyo ulipokuwa mpya ulikuja na sehemu tatu: usukani wenyewe, uzungukao digrii 900, yaani mizunguko miwili na nusu, pedali tatu, na wenzo wa gia, sita za mbele na moja ya nyuma. Yeye alipata usukani na pedali tu. Wenzo wa gia ulikwisha potea. Breki ya mkono haikuwamo tangu asili. Na mchezo alioupenda ulikuwa Richard Burns Rally, uliotolewa mwaka 2004 kwa jina la dereva Mwingereza aliyeshinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1998 na tena 2000, akawa bingwa wa dunia mwaka 2001, akafariki mwaka 2005. Katika mashindano ya namna hiyo, njia ikipinda kama kiwiko, usukani peke yake hautoshi. Dereva huvuta breki ya mkono, magurudumu ya nyuma hujifunga, mkia wa gari huteleza, na pua yake huelekea iendako njia. Mchezaji asiye na breki hiyo hubonyeza kitufe, na kitufe hakijui kidogo wala kingi.

Katika nyumba hiyo aliishi pia baba yake mwalimu. Mzee huyo aliendesha malori kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka mingi, mpaka kiharusi kilipoupunguzia nguvu mkono wake wa kushoto. Dereva wa Kenya huketi upande wa kulia. Kwa hiyo mkono wa kushoto ndio mkono wa gia na wa breki. Ugonjwa ulichukua mkono ule ule uliomlisha. Mzee aliketi mlangoni akimtazama mwanawe akikata chuma kwa msumeno, akasema, "Breki ya mkono ni ya kulilaza lori, mwanangu, si ya kuligeuza." Mwalimu alicheka, akaendelea kukata.

Alianza na gia. Alichukua kipande cha bomba, bawaba, springi mbili na swichi mbili ndogo: kuvuta kupandishe gia, kusukuma kuishushe. Waya zilikwenda katika kibao cha Arduino, ambacho huiambia kompyuta yaliyotendwa na mkono. Siku ya kwanza alivuta mara moja, gia ikaruka kutoka ya pili hadi ya nne. Sababu yake ni kwamba ndimi za swichi zikikutana hurukaruka kwa muda wa sehemu chache za elfu za sekunde kabla ya kutulia. Jicho halioni hayo, lakini kibao huyahesabu yote. Akakiamuru kibao kipokee mguso wa kwanza na kupuuza mingine kwa muda wa sehemu 20 za elfu za sekunde. Gia ikatulia.

Breki ilikuwa na ukaidi zaidi. Kwanza aliifunga potenshiometa, ambayo hurudisha volti kwa kadiri ya mzunguko wake, na kibao kikaisoma kwa tarakimu kutoka 0 hadi 1023. Ilifanya kazi, walakini ilipima umbali ambao wenzo umekwenda, wala si nguvu ya aliyeuvuta. Dereva aliyezoea breki huikumbuka kwa uzito wake mkononi, si kwa sentimita. Ndipo mwalimu alipoikumbuka mizani ya duka iliyovunjika, iliyotupwa stoo. Ndani yake mlikuwa na upapi wa aluminiamu uliobandikwa vipimio vyembamba. Upapi ukipinda hata kwa kiasi kisichoonekana, ukinzani wa umeme katika vipimio hubadilika. Badiliko hilo ni la milivolti chache tu, kwa hiyo lilihitaji kikuzaji kiitwacho HX711.

Kikuzaji hicho kilikuwa kimefungwa kusoma mara 10 kwa sekunde. Kwa kupima sukari, hiyo ni kasi ya kutosha. Kwa gari liendalo kilomita 72 kwa saa, ni mita mbili za njia kati ya kusoma na kusoma, na katika mita mbili gari limekwisha ingia mtaroni. Akabadilisha waya mmoja kikasoma mara 80, na zile mita mbili zikawa sentimita 25.

Kisha likaja kosa lake kubwa. Mkono uliushika wenzo sentimita 30 kutoka kwenye egemeo, na upapi ulikaa sentimita 6 tu. Mwalimu wa hesabu, afundishaye nyenzo kila mwaka, hakujiuliza kwamba kilo 10 za mkono zitakuwa kilo 50 juu ya upapi ulioandikwa kilo 40. Upapi haukuvunjika, ulipinda kidogo, usirudi. Tangu siku hiyo breki ilikuwa imevutwa kidogo kila wakati, hata pasipo kuguswa. Kwa majuma mawili alikuwa akichelewa katika kila njia, akadhani ni yeye aliyepungukiwa na ustadi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alitafuta upapi mwingine, akausogeza hadi sentimita 15, akaweka kizuizi cha chuma na mpira. Breki kamili akaiwekea kilo 15.

Jioni moja mzee aliomba kujaribu. Aliuvuta wenzo kwa mkono wa kushoto, na gari likapita kona bila ya kupinda, likaanguka bondeni. Akauachia, asiseme neno. Mwalimu hakukata chuma wala hakubadilisha springi. Alifungua programu, akafuta 15, akaandika 3. Mzee akavuta tena. Mkia wa gari ukateleza, pua ikageuka, njia ikafunguka mbele.

"Kumbe lori nalo lingegeuka hivi," akasema.

"Lingepinduka, baba."

"Najua. Nasema tu."

Washairi nao huita mizani hesabu ya silabi katika mshororo. Ikizidi au ikipungua, mwimbaji hujikwaa, na hakuna sauti nzuri iwezayo kumwokoa. Yamkini mkono nao una mizani yake, na aliyekwisha utumia maisha yake yote huihisi hata nguvu zinapomwacha. Juma lililofuata mzee alisema breki ni nyepesi mno, yafaa kwa mtoto; aongezewe nusu kilo. Hakuna katika nyumba hiyo aliyedai kwamba mchezo ni dawa. Lakini katika daftari la mwalimu, chini ya hesabu za wenzo, mna safu ya tarakimu zilizoandikwa kila Jumamosi: 3, 3.5; 3.5, 4, 3.5, 4. Ile 3.5 ya pili kutoka mwisho ni ya juma ambalo mzee aliugua. Aliikataa alipoiona, akataka ifutwe. Mwalimu akaiacha, maana mizani isiyosema kweli ndiyo iliyotupwa stoo.