Kutoka King City hata Paso Robles kwa Baisikeli

Ukiifungua ramani ya Kalifornia, katika Marekani, utadhani umefungua litania ya watakatifu. San Francisco, San Jose, Santa Cruz, San Miguel, San Luis Obispo, Santa Barbara: nchi nzima imebatizwa! Majina mengi ya namna hiyo yaliachwa na mapadri Wafransisko waliotumwa na Hispania, ambao tangu mwaka 1769 hata mwaka 1823 walijenga misioni 21, moja baada ya nyingine, kando ya njia moja ndefu. Karibu na njia hiyo ndipo nilipopita mwezi wa Juni mwaka 2019, nikipanda baisikeli, au kinga kama tusemavyo kwetu Katanga. Wala sikuwa peke yangu. Tulikuwa zaidi ya watu elfu mbili.

Safari ile iliitwa AIDS/LifeCycle. Iliondoka San Francisco ikaishia Los Angeles, siku saba, kilometa karibu 880. Kila mpandaji alipaswa kwanza kukusanya dola zisizopungua 3000 kwa jamaa na rafiki zake, na asiyezitimiza hakuondoka. Fedha hizo zilikwenda kwa mashirika mawili, moja la San Francisco na moja la Los Angeles, yawapimayo na kuwatunza watu wenye ukimwi, ugonjwa ambao sisi twauita Sida. Mwaka ule zilipatikana zaidi ya dola milioni 16. Safari ya kwanza ya namna hii ilifanyika mwaka 1994, kwa jina jingine, wakati ambapo waganga hawakuwa bado na dawa ya kuuzuia ugonjwa huo.

Nitakusimulia siku moja tu, ya tatu, kwa maana siku zote saba hazitaenea katika ukurasa huu.

Tuliamka gizani katika mji wa King City, bondeni mwa mto Salinas. Jana yake tulikuwa tumekwenda zaidi ya kilometa 170, na miguu yangu ilikuwa kama miti. Hema zetu, watu wawili wawili katika kila hema, zilipangwa mistari kama mahindi shambani. Walikuwako waganga, mafundi wa baisikeli, malori ya kuchukua mizigo, na watu mamia wa kujitolea ambao hawakupanda baisikeli hata kidogo. Hao walikuwa wamekwisha kuamka kabla yetu, wakapika uji wa shayiri. Nakiri kwamba hata leo nawaheshimu wapishi wale kuliko wapandaji, maana sisi tulipigiwa makofi njiani, na wao walibaki na masufuria.

Amri za barabara zilikuwa kali. Kwenda mmoja nyuma ya mwenzake; kupaza sauti kabla ya kumpita mtu, naye apitwe kwa upande wa kushoto tu; kutotia kitu masikioni. Kila baada ya mwendo wa kilometa 20 au 30 palikuwa na kituo cha maji na matunda. Aliyeshindwa alichukuliwa na gari, wala hakuna aliyemcheka.

Haikupita saa nyingi tukakifikia kilima ambacho wapandaji wamekipa jina la Quadbuster, maana yake mvunja mapaja. Si kirefu sana, lakini kinapanda bila huruma, nacho chamkuta mtu akiwa na uchovu wa jana. Katikati ya mpando pumzi ziliniishia. Mara nikasikia mkono wa mtu mgongoni pangu, ukinisukuma polepole. Nikageuka, kumbe ni mzee mwenye ndevu nyeupe, umri wake kama miaka 65! Alikuwa amekwisha kufika juu, akashuka tena ili awasaidie walio nyuma. Nilitaka kumshukuru, lakini sauti haikutoka.

Toka pale twapita nchi ya nyasi kavu, rangi ya simba, na mialoni mikubwa imesimama mmoja mmoja. Si mbali na njia iko misioni ya San Antonio wa Padua, iliyoanzishwa na padri Junípero Serra mwaka 1771, sisi hatukuingia. Mto Salinas wenyewe ni wa ajabu. Waenda kaskazini, na wakati wa kiangazi maji yake mengi hupita chini ya mchanga, hata mgeni atazame daraja refu na kujiuliza limejengwa kwa sababu gani.

Adhuhuri, jua likiwa kali, tuliwasili Bradley. Ni kijiji kidogo mno: katika hesabu ya mwaka 2010 walionekana watu 93. Siku ile wageni elfu mbili huingia humo kwa pamoja! Wazazi wa shule ya kijiji walikuwa wakichoma nyama, na watoto, wenye adabu na haraka, walitugawia mikate yenye nyama hiyo. Kila mtu alitoa fedha kwa ajili ya shule, na wengi walitoa kupita bei. Kwa hiyo safari iliyotoka kuwasaidia wagonjwa wa mijini ililisha pia shule ya mashambani, jambo ambalo hakuna aliyelipanga mwanzoni.

Hapo nilikaa kivulini na yule mzee. Akanionyesha utepe mrefu wa kitambaa ulioandikwa majina kwa wino. Walikuwa rafiki zake waliokufa. Yeye mwenyewe ana virusi. Mwaka 1996 alikuwa amekonda, amekwisha kugawa vitu vyake, ndipo zikatokea dawa zile za kuchanganywa, akainuka kitandani. Sasa humeza kidonge kila siku, na virusi havionekani tena katika damu yake. Waganga wasema mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenzake wa ndoa.

Akaniuliza natoka wapi. Nikamjibu: Kongo. Nikanyamaza kidogo, kwani nilijua mambo mawili. La kwanza, damu ya zamani kuliko zote iliyoonekana kuwa na virusi hivyo ilichukuliwa Léopoldville mwaka 1959. La pili, ambalo husahauliwa, tangu mwaka 1984 waganga Wakongo walifanya kazi Kinshasa pamoja na Wamarekani na Wabelgiji katika Projet SIDA, wakaonyesha mapema kwamba ugonjwa huu huwapata wanawake sawasawa na wanaume. Nilimwambia hilo la pili kwanza.

Halafu akauliza: “Nawe, wampandia nani?”

Kaka yangu mkubwa, yaya wangu, alikufa mwaka 1999. Dawa ile iliyomwinua mzee huyu ilikuwako duniani tangu miaka mitatu, lakini haikuwako kwetu, wala sisi tusingaliweza kuinunua. Kwenye matanga tulisema kwamba amekufa kwa kifua. Mama aliomba tuseme hivyo, nasi tukamtii. Miaka 20 nilisema kifua. Pale Bradley, mkate mkononi, nikasema neno lenyewe. Mzee hakushangaa. Akanipa kalamu.

Saa za alasiri tulifika San Miguel. Misioni hii iliwekwa mwaka 1797. Mwaka 1821 kuta zake zilipambwa na Wahindi wa kabila la Wasalinan, wakiongozwa na Esteban Munras, na rangi zile hazikupakwa upya hata leo. Tetemeko la nchi la mwezi wa Desemba mwaka 2003 lilizipasua kuta, kanisa likafungwa hata mwaka 2009. Nilitazama buluu na waridi ya mikono ile. Wahindi waliojenga misioni walikufa kwa wingi kwa magonjwa yaliyoletwa na wageni. Na makaburi yao mengi hayana majina. Mzee, ambaye si mkatoliki, alivua viatu vyake vya baisikeli mlangoni, kwa kuwa vilipiga kelele, akaingia kwa soksi.

Tulimaliza Paso Robles kabla ya jua kuchwa, kilometa zaidi ya 100.

Safari hiyo haipo tena. Gharama zilizidi, wapandaji wakapungua, na ya mwisho ilifanyika mwezi wa Juni mwaka 2025. Nilipopata habari, niliwaza kwanza watoto wa Bradley na majiko yao.

Usiku ule nilimwandikia mama barua, nikamweleza jina la yaya limeandikwa wapi na kwa nini. Barua ilikaa siku mbili katika mkoba wangu. Siku ya tano niliitia katika sanduku la posta.