Sikio halilali, hata mtoto akilala

Ninyi jamaa mliohama makwenu kama sisi, leo sina habari za barabara wala bei ya unga. Tuzungumze juu ya usingizi.

Tulikimbia Kanyabayonga mwezi wa sita 2024. Tulipofika Butembo, mama mmoja mzee akatupokea: chumba kimoja, watu watano. Usiku wa kwanza hakuna risasi iliyolia, lakini sikulala. Pikipiki ikipita, macho wazi. Upepo ukisukuma mlango, macho wazi. Nikajiona mwoga.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Brown, Marekani, walipima ubongo wa watu waliolala mahali pageni. Usiku wa kwanza, sehemu ya upande wa kushoto wa ubongo haikuzama katika usingizi kama ya kulia. Ilibaki kama mlinzi, ikisikiliza sauti ngeni. Na watu hao hawakukimbia vita. Sisi je?

Dawa yangu ilikuwa redio. Niliiacha ikiimba usiku kucha karibu na binti yetu wa miaka sita, asisikie ya nje. Lakini kila asubuhi aliamka amechoka, na alianza tena kukojoa kitandani. Mama mzee akaniambia: "Papa, mtoto hashtuki kwa pikipiki. Anashtuka wimbo ukiisha na mtu akianza kusema."

Usiku ule nilikaa macho nimwangalie. Ni kweli. Muziki wa polepole ulimwacha ametulia. Habari zilipoanza, aliruka. Na sauti iliyokuwa ikisoma ripoti ilikuwa yangu mwenyewe, nikitaja vijiji vya kwetu.

Jicho lina kope, sikio halina. Tukilala, sauti zinaendelea kuingia. Ubongo unazipunguza nguvu njiani, lakini bado unachagua. Majaribio yaliyotolewa mwaka 1960 yalionyesha kwamba mtu aliyelala huitikia jina lake kuliko majina mengine. Ndiyo maana mama anaweza kulala mvua ikipiga mabati, lakini mtoto akilia kidogo tu, anaamka. Sauti ya namna moja, kama mvua, inafunika nyingine. Kinachoamsha ni mabadiliko ya ghafla, na maneno yanayotuhusu.

Sasa nyumbani tunazima redio baada ya habari za jioni. Mke wangu anamwimbia mtoto wimbo uleule kila usiku, kwa sauti ya chini, mpaka apumue polepole. Kisha kimya. Usiku mwingine bado anaamka na kuuliza kama tunaondoka. Lakini kitanda kimekuwa kikavu siku nyingi.

Najua wazazi wengine mnaacha redio wazi kwa kuogopa kwamba mkilala hamtasikia hatari. Katika kiwanja chetu wanaume tumegawana zamu: mmoja anakesha, wengine wanalala. Akiita jina langu, nitaamka.

Mimi ni mtu wa redio, na kazi hii ndiyo inayolisha watoto wangu. Hata hivyo nawaomba: tusikilizeni mchana na jioni. Usiku, tunzeni mawe ya redio, na mwacheni mtoto asikie sauti ya mtu wake.