Nusu ya Mbegu

Mama mdogo wangu ana kibanda cha kuchaji simu Wamaza, kusini mwa Maniema. Batri yake ya kwanza ilikuwa ya gari, kuukuu, nayo ilikufa kabla ya miezi mitano. Mwaka jana, mpunga ulipouzwa, alinitumia ujumbe wa sauti: ana dola 200, hana nyingine, na ada ya wadogo zangu itatoka katika kibanda hicho. "Baba, weye unasoma inivasite. Utuchagulie batri."

Ninasoma isimu. Niulize viambishi vya Kibangubangu nitakujibu. Risasi na asidi sikuwahi kuzigusa. Lakini kwetu anayesoma ni anayesoma, haulizwi anasoma nini.

Nikaanza kusoma. Kumbe batri ya gari ina sahani nyembamba za risasi, imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe palepale. Ukiimaliza kila usiku na kuiacha tupu, chumvi ya risasi huganda kwenye sahani mpaka haipokei tena. Ya sola ina sahani nene zaidi, ila nayo hufa mapema ikishushwa chini ya nusu kila siku. Ya lithiamu hustahimili kushuka sana na huishi miaka mingi. Bei yake ilitupita.

Katika kusoma huko nilikutana na Elec-Trak, trekta ndogo ya bustani ambayo General Electric ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1969. Ilibeba batri sita za risasi, na uzito wake ulisaidia magurudumu kushika udongo. Sisi uzito huo ulikuwa unatungoja kwenye pikipiki, kutoka Kasongo hadi Wamaza. Hata hivyo ulitufaa: vibandiko hudanganya, kwa hiyo dukani nilimwambia mama mdogo ainue kwanza. Batri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 hukaribia kilo 30. Mbili zenye maandishi hayo aliziinua kwa mkono mmoja, akazirudisha. Ya tatu ilimshinda. Hiyo ndiyo tukainunua.

Kazi ngumu ikabaki kwangu, na ilikuwa ya lugha. Nilimpigia hesabu: 12 mara 100 ni wati-saa 1,200; za kutumia ni 600; simu kubwa moja, pamoja na kinachopotea njiani, tuseme 20. Basi simu 30, jua likiwa limezama, halafu zima. Akauliza kwa nini anunue mia atumie hamsini. Nilijaribu "kina cha utoaji chaji". Kimya. Nilijaribu "kiwango cha akiba". Akasema akiba ni ya kutumia siku ya shida, na shida haikosekani.

Ndipo nikamuuliza mpunga wa kupanda wanauweka wapi. Juu ya jiko, akasema, hata njaa ikija haupikwi. Akanyamaza kidogo. "Aa. Kumbe ile nusu njo mbegu."

Neno hilo nimeliandika katika daftari langu la istilahi, chini ya yangu mawili niliyoyakata. Miezi kumi na moja sasa. Mjomba alitaka kutazama mpira usiku mmoja, taa ya kidhibiti ikiwa imeshageuka nyekundu. Mama mdogo akachomoa waya, akalala nao chini ya mto.

Juzi ameniuliza batri ya pili bei gani.