Jibu Lililozidisha Wasiwasi



Mama mmoja wa mtaani kwetu, aliyeturuhusu kuyasimulia haya, alikuwa akitawadha kwa swala moja hata pipa la maji likaisha. Kila siku alikuja mlangoni na mumewe akituuliza, "Maalim, udhu wangu umesihi?" Nasi tukimjibu, "Umesihi, mama, nenda kaswali." Huondoka ametulia, na kabla ya adhana ya pili amerudi. Miaka miwili tulijibu hivyo tukidhani twamsaidia. Na mara nyingine, Allah atusamehe, tulimkemea kwamba imani yake ni dhaifu.

Binti tuliyemsomesha chuoni zamani leo ni mshauri wa maradhi ya nafsi, aliyepata mafunzo ya juu ya tiba ya fikra na mwenendo. Alitwambia kwa adabu, "Maalim, kila jibu umpalo ni kama kumwosha tena." Neno lile lilituchoma.

Akatufafanulia kwamba wasiwasi wa namna hii ni maradhi, si upungufu wa imani. Mgonjwa na mshauri hupanga pamoja mambo yanayomtia hofu, kuanzia jepesi hadi zito. Hulikabili moja moja, akajizuia kurudia kuosha na kuuliza. Hofu hupanda, kisha hushuka yenyewe, na nafsi ikajifunza kuwa hakuna lililoharibika. Mwaka 1966, Victor Meyer wa London alichapisha habari za wagonjwa wawili waliotibiwa kwa njia hiyo.

Lakini mama yetu alikuwa pia na huzuni nzito tangu kufiwa na mwanawe mchanga. Maradhi yakifungamana hivyo, kujua lipi litangulie na kwa mwendo gani kwataka mtu aliyefunzwa zaidi, na mwenye mkubwa wake wa kumrejea.

Nasi tulipewa kazi yetu: kuieleza hukumu mara moja tu, kwamba yakini haiondolewi na shaka, kisha tusijibu tena. Wanazuoni wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, katika Masalih al-Abdan wal-Anfus aliutaja wasiwasi pamoja na hasira, hofu na huzuni, miongoni mwa yanayoisibu nafsi na yenye tiba.

Siku ya kwanza alipokuja tukanyamaza, alilia. Tulitamani mno kumjibu. Mumewe akasema taratibu, "Twende nyumbani, mama watoto, tukaswali na shaka yetu." Wakaenda.

Leo, alhamdulillah, siku nyingi hutawadha mara moja, ingawa ziko siku za kuteleza.

Basi enyi mama na baba zetu, mkimwona wenu katika hali hii, msimkemee. Mwombeeni dua, na mumpeleke kwa aliyefunzwa. Nasi masheikh tujifunze ni lini kunyamaza kwetu ndiyo nasaha.

Wabillahi tawfiq.