Dansi za Desemba

Kamati yetu ya dansi hukutana Novemba kupanga usiku wa sikukuu, na mabishano huwa yale yale: tucheze zipi? Nilipoanza kukaa kwenye kamati hiyo, hapa magharibi mwa Massachusetts, jibu lilikuwa jepesi. Mzee aliyekuwa akiita hatua alikuwa na kisanduku cha bati kilichojaa kadi, kila kadi dansi moja, naye alichagua kwa majina. Julai Nne alitoa Hull's Victory, kwa sababu jina hilo linaukumbuka ushindi wa manowari ya Constitution dhidi ya Waingereza mwaka 1812. Siku ya Mtakatifu Patrick ilikuwa Rory O'More, jina la Kiayalandi. Desemba ikifika alipekua kadi akitafuta chochote chenye theluji, nyota au kengele. Asipopata, aliibatiza dansi ya kawaida jina la Krismasi, watu wakacheka, wakacheza.

Dansi ya kontra, kwa asiyeijua, huchezwa kwa mistari miwili mirefu inayotazamana. Jozi mbili hushikana mikono, huzungushana, hupishana huku na huku kama miyaa ya ukili. Hatua 64 zikitimia, kila jozi imesogea nafasi moja na inakutana na jozi nyingine, na fidla na piano zinaanza wimbo upya. Mwita hatua hutangaza kila kitu mara za mwanzo, kisha hupunguza maneno, hatimaye hunyamaza kabisa na ukumbi ukajiendesha wenyewe. Mimi nimekulia Tanga, kwenye nyimbo za Atomic Jazz, na sikuwahi kuambiwa mguu upi utangulie. Niliona kioja watu wazima kuamrishwa hatua kwa hatua na bado wakatoka jasho la furaha.

Kuchagua kwa majina kulianza kutushinda polepole. Dansi kongwe kama Hull's Victory na Chorus Jig (ambayo, pamoja na jina lake, si jigi hata kidogo) zina kazi kubwa kwa jozi zinazoongoza tu. Wengine husimama wakingoja zamu yao. Zamani huenda hilo halikuwa neno, kwa kuwa aliyesimama alipata nafasi ya kupiga soga na jirani. Lakini tangu miaka ya 1970, waita hatua kama Ted Sannella walitunga dansi ambazo kila mtu anakuwa mbioni tangu mwanzo hadi mwisho, na wachezaji wakazizoea. Hata zile za kale hazikusalimika. Kwenye Petronella, jozi inayoongoza ndiyo iliyokuwa ikijizungusha peke yake. Siku hizi wote wanne hujizungusha na kupiga makofi, na jaribu kuwakataza uone.

Usiku wa sikukuu mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu ukumbi hujaa wageni. Kuna vijana waliorudi kutoka vyuoni, mashemeji waliokuja likizo, na majirani waliovutwa na meza ya vyakula, maana kila mtu huja na sahani yake. Hao hawana habari kama dansi inaitwa Nyota au Kabichi. Wanachotaka ni kujua waende kushoto au kulia. Basi tukaanza kusoma kadi kuanzia chini, kwenye hatua zenyewe: dansi mbili za kwanza zisiwe na kupishana kwa wanne, na mtu asitenganishwe na mwenziwe kwa muda mrefu.

Halafu kuna mavazi. Mwaka mmoja kijana alikuja amejifunga taa za mti wa Krismasi kiunoni hadi shingoni, betri ikiwa mfukoni. Katika kuzungushana waya ukafunguka, ukamfunga na mwenziwe, na jozi nzima ikaendelea kuwaka huku inachechemea kuelekea viti. Mabawa ya malaika nayo hayafai kabisa kwenye hatua za kupita chini ya mikono. Siku hizi hatua hizo tunaziondoa mapema.

Mada ya sikukuu sasa imehamia kwa wapiga muziki, na kwa maoni yangu ndiko ilikostahili kuwa. Nyimbo nyingi za Krismasi hazitoshi au zinazidi hatua 64, ikabidi bendi ikate au irudie. Jingle Bells hukaa sawasawa bila kuguswa: ubeti hatua 32, kiitikio 32. Tena ina faida nyingine. James Pierpont aliitoa mwaka 1857, na maneno yake hayaitaji Krismasi hata mara moja, ni habari za farasi na theluji tu.

Faida hiyo tuliihitaji pale wenzetu Wayahudi, na wengine wasio na dini, walipouliza kwa nini Desemba yote iwe ya upande mmoja. Tangazo likabadilika, likawa usiku wa majira ya baridi. Kwangu mimi, niliyetoka mahali ambapo sahani za Idi na za Krismasi hupitana uani, jambo hilo lilionekana la kupita kiasi, hadi nilipojua kwamba Massachusetts hii hii, kuanzia 1659 hadi 1681, ilimtoza shilingi tano aliyethubutu kuisherehekea Krismasi. Wamelibishania tangu hapo. Waltzi ya mwisho tumekubaliana iwe Greensleeves, na kila mtu aisikie kwa maneno anayoyajua.

Kilichobaki ni Chorus Jig. Wakongwe wanaitaka na vijana wanasema watasinzia wima. Nimependekeza ipigwe mara tu baada ya mapumziko, wageni wakiwa bado na sahani mikononi. Kura zimelingana, na kikao kimeahirishwa hadi Jumanne.