Vigae ndani ya kibanja

Ukitoka Bukoba mjini kwenda Muleba, barabara inapita Kemondo, katikati ya migomba na mibuni. Anayechimba shimo la choo au la mgomba huku hukutana na vigae. Watoto huvichezea, wakubwa huvitupa jalalani pamoja na maganda ya ndizi, wakidhani ni chungu cha bibi kilichovunjika.

Huenda ni cha bibi. Lakini kigae chenye mistari iliyochorwa kwa makini, au kitako kilichobonyezwa kama kwa kidole gumba, kinaweza kuwa na zaidi ya miaka 1,500. Wataalamu huviita vyungu vya Urewe, jina la mahali katika Siaya, Kenya.

Katuruka, upande wa Maruku, wazee walisimulia kwamba Omukama Rugomora Mahe alijenga mnara wa chuma ili afike mbinguni. Walionyesha na mti wake, Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma. Mnamo 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, aliwasikiliza, akachimba pale. Chini ya ardhi kulikuwa na mabaki ya kazi ya chuma na vyungu vya Urewe, vya zaidi ya miaka 2,000. Aliyemfikisha hapo si ramani, ni wazee.

Makaburi ya watu hao ni nadra. Udongo wa mvua nyingi una asidi, hula mifupa, chungu kikabaki peke yake. Kusini mwa Rwanda, huko Kabusanze, lilipatikana kaburi la takriban mwaka 400 lenye vyungu pamoja na mifupa, na mifupa hiyo ikawapa wataalamu habari za afya ya watu wa enzi hizo.

Chungu kikishaoshwa na kuwekwa kabatini, hakuna atakayejua kilisimamishwa au kililazwa, wala kilikuwa kando ya nini. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na inamtaka aliyevikuta atoe taarifa serikalini. Si rahisi. Familia inahitaji choo, na mchimbaji analipwa kwa futi. Lakini shimo linaweza kusogezwa hatua chache, picha ikapigwa kwa simu kabla ya kugusa kitu, na ofisi ya kijiji ikaambiwa. Vyenyewe vifunikwe udongo palepale jioni hiyohiyo, mvua ya usiku isije kuvibeba.