Mtoto Asomaye Polepole: Kumbukumbu za Mkufunzi wa Ualimu

Kumbukumbu hizi ziliandikwa baada ya mwandishi wake kustaafu ukufunzi mwaka 2021, alipotimiza umri wa miaka 60, na kilichomsukuma kuziandika ni kufifia kwa zoezi moja la mafunzo ya ualimu ambalo, kwa imani yake, ndilo linalomtenganisha mwalimu na mtu aliyesoma tu vitabu vya ualimu. Zoezi hilo lilimtaka kila mwanachuo amchunguze mtoto mmoja kwa wiki tatu na kuandika katika daftari yale aliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio. Siku mwandishi alipokabidhi funguo za ofisi yake, zoezi hilo katika chuo chake lilikuwa limekwisha kugeuzwa mhadhara wa vipindi viwili, pamoja na swali la mtihani linalomtaka mwanachuo ataje hatua nne za ukuaji wa akili kwa mujibu wa Jean Piaget.

Mwandishi alizaliwa mwaka wa Uhuru, 1961, katika kijiji kimoja cha Usukumani mkoani Shinyanga, akalelewa kwa Kisukuma na kukutana na Kiswahili cha kusoma na kuandika alipoingia darasa la kwanza mwaka 1970. Alipokuwa darasa la tano, mkutano wa Halmashauri Kuu ya chama tawala cha TANU uliofanyika Musoma mwezi Novemba 1974 uliamua kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe ifikapo mwaka 1977, na kwa kuwa vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo mfupi, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kufundisha huku wakijifunza kazi hiyohiyo vijijini, chini ya walimu walezi, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Mwandishi alikuwa mmoja wa vijana hao, ambao watu waliwaita walimu wa UPE, kwa kifupi cha Kiingereza cha Elimu ya Msingi kwa Wote, na akiwa na umri wa miaka 16 alikabidhiwa darasa la kwanza lenye watoto wengi kuliko madawati. Walimu hao wamedharauliwa kupita kiasi, kwa maana bila wao mamilioni ya watoto wasingejua hata herufi, lakini ni kweli pia kwamba hawakufundishwa jinsi mtoto anavyokua wala kwa nini watoto wawili waliokaa dawati moja hujifunza kwa mwendo tofauti. Kwa ujinga huo mwandishi aliwachapa watoto walioshindwa kusoma, na hilo ndilo jambo la maisha yake ya kazi analolijutia kuliko yote.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1986, alipopelekwa chuoni kwa mafunzo ya miaka miwili na kukutana na mkufunzi wa Saikolojia ya Elimu ambaye katika kumbukumbu hizi ataitwa Mkufunzi tu, kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwa na familia yake inastahili utulivu. Mkufunzi alikuwa mtu wa maneno machache, na katika wiki yake ya kwanza na wanachuo wapya hakutaja nadharia yoyote, bali aliwapeleka katika shule ya msingi ya jirani, akampa kila mmoja mtoto wake na daftari la kurasa 48, kisha akaeleza kanuni za zoezi. Ukurasa wa kulia ulikuwa wa yaliyoonekana, na ukurasa wa kushoto ulikuwa wa maelezo ambayo mwanachuo alidhani yanafaa, lakini ule wa kushoto haukuruhusiwa kuguswa kabla ya wiki ya pili kumalizika. Mwanachuo aliyeandika upande wa kulia kwamba mtoto ni mvivu alirudishiwa daftari lake likiwa limekatwa mstari mwekundu, kwa sababu uvivu hauonekani. Kinachoonekana ni kwamba mtoto aliacha kuandika baada ya dakika nne, akatazama dirishani, kisha akanakili kutoka kwa jirani yake.

Wiki ya pili ilikuwa ya kuondoa sababu zilizo karibu kabla ya kutafuta zilizo mbali, na mpangilio wake haukubadilishwa hata siku moja. Kwanza yalichunguzwa macho, kwa kumsogeza mtoto dawati la mbele na kulinganisha kazi yake, kisha masikio, kwa kumwita kwa sauti ya chini akiwa amegeuka na kuuliza nyumbani kama sikio lake liliwahi kutoa usaha. Baadaye iliulizwa njaa, pamoja na urefu wa njia atokayo asubuhi, na baada yake mahudhurio, kwa sababu mtoto aliyekosa shule mwezi mzima wa kuchunga ng'ombe hana tatizo la kujifunza bali ana pengo la masomo. Mwisho iliulizwa lugha ya nyumbani, maana mtoto wa Kisukuma anayeandika “lafiki” badala ya “rafiki” anaandika kwa uaminifu kile ambacho sikio lake limezoea, na kumhesabia kosa hilo kuwa ulemavu ni kumwonea. Ni mtoto aliyepita katika chujio lote hilo na bado akakwama ndiye ambaye Mkufunzi aliruhusu aitwe mwenye tofauti ya ujifunzaji, yaani mtoto ambaye akili, macho na masikio yake ni timamu lakini ubongo wake unashughulikia maandishi au namba kwa namna inayohitaji njia nyingine ya kufundishwa.

Nadharia zilifika katika wiki ya tatu, na zilipofika zilikuta mahali pa kukaa. Piaget, mwanasayansi wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, alieleza kwamba mtoto wa chini ya miaka saba hivi, akimiminiwa maji yaleyale kutoka bilauri pana kwenda bilauri nyembamba, husema yameongezeka kwa kuwa kina kimepanda, na wanachuo walilijaribu jambo hilo kwa vikombe vya chai na kuliona. Lev Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, alifundisha kwamba kipimo cha mtoto ni pamoja na kile anachokiweza akisaidiwa kidogo, kwa sababu leo anachoweza kwa msaada ndicho kesho atakachoweza peke yake, na kwa hiyo daftari lilikuwa na safu mbili: “peke yake” na “akishikwa mkono”. Mkufunzi aliongeza utafiti wa Robert Serpell uliochapishwa mwaka 1979, ambao ulilinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kuiga maumbo: watoto wa Uingereza waliwashinda wenzao kwa penseli na karatasi, wale wa Zambia wakashinda kwa kupinda waya, na kwa udongo wa mfinyanzi makundi yote mawili yakawa sawa. Kwa wanachuo waliokulia vijijini wakitengeneza magari ya waya, somo hilo halikuhitaji mhadhara, kwani walijua kwamba mtihani unaotumia penseli pekee huwapima watoto wengi kwa mkono usio wao.

Mwandishi alirudi darasani, akafundisha madarasa ya awali kwa miaka saba, akajiendeleza, na mwaka 1995 akawa mkufunzi wa Saikolojia na Mbinu za Kufundisha Kusoma. Mwaka mmoja kabla yake, mkutano wa Salamanca nchini Hispania ulikuwa umetangaza kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote, na neno elimu jumuishi, lenye maana ya kuwafundisha wenye mahitaji maalumu pamoja na wenzao badala ya kuwatenga, likaanza kusikika vyuoni. Ni katika hali hiyo ya matumaini ndipo ulipozuka mgogoro ambao mwandishi anaendelea kuujadili hadi leo, ingawa aliyeuanzisha alikwisha kupanda cheo na kuondoka.

Mmoja wa wakufunzi wenzake alidai katika kikao cha idara kwamba mada ya disleksia ifutwe katika mpango wa masomo, kwa sababu disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma kwa mtoto mwenye akili timamu na aliyefundishwa ipasavyo, ni tatizo la Kiingereza na haliwezi kuwapo katika Kiswahili. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi na inastahili kuelezwa kwa haki. Hali hiyo ilipewa jina na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Ujerumani, mwaka 1887, lakini mfano uliovuma zaidi ulitoka Uingereza mwaka 1896, pale daktari Pringle Morgan alipomweleza kijana wa miaka 14 aliyekuwa mwepesi katika hesabu na mazungumzo lakini asiyeweza kusoma maneno mepesi. Kiingereza huandika sauti moja kwa njia nyingi na kutamka herufi zilezile kwa namna mbalimbali, ilhali Kiswahili kina irabu tano zinazotamkwa jinsi zinavyoandikwa, na mtoto aliyezijua silabi anaweza kulitamka hata neno asilolijua. Kwa hiyo, alisema mwenzake, Mswahili asiyesoma hakufundishwa au hakutaka.

Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba ilitafuta tatizo mahali lisipokaa. Watafiti wa lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa walikwisha kuonyesha, akiwamo Heinz Wimmer wa Austria mwaka 1993 kuhusu Kijerumani, kwamba katika lugha hizo msomaji mwenye disleksia hakosei sana bali husoma polepole mno, na mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walionyesha kwamba wasomaji wa aina hiyo wa Italia, Ufaransa na Uingereza walikuwa na hitilafu ileile ya utendaji wa ubongo, ingawa Waitalia walisoma kwa usahihi zaidi. Kwa maneno mengine, tahajia nyepesi huficha makosa lakini haiondoi ugumu, na mwalimu anayehesabu makosa peke yake atampita mtoto huyo miaka saba bila kumwona.

Kiswahili kina mzigo wake pia, kwa kuwa neno lake hubeba sentensi. Neno “aliyemnunulia” lina silabi nane, na mtoto anayevuta silabi mojamoja kwa jasho hufika mwisho akiwa amesahau mwanzo, hivyo hutamka kila kitu sawa na haelewi chochote. Kuna pia uitikiaji wa “ba, be, bi, bo, bu”, ambao ni mbinu nzuri ya kuanzia lakini humpa mtoto wimbo wa kukariri, na mwandishi aliwakuta watoto wengi waliousoma ubao mzima macho yakiwa kwa mwalimu. Kwa ajili yao aliwafundisha wanachuo kutumia maneno yasiyo na maana, kama “lomi”, “defo” na “pusale”, kwa sababu neno lisilokuwapo haliwezi kukaririwa.

Kikao kile kiliamua kwa kura, na mada ikafutwa. Miaka miwili baadaye, katika usimamizi wa mazoezi ya kufundisha, mwandishi alimkuta msichana wa darasa la nne ambaye mwanachuo alikuwa amemwandikia “vizuri” katika kusoma, na kweli hakukosea neno hata moja, lakini kifungu cha maneno 60 kilimchukua zaidi ya dakika tano kwa saa ya mkononi, wakati mwenzake wa dawati alikimaliza kabla ya dakika moja kuisha. Alikuwa akifeli masomo yote kwa sababu mtihani ulikuwa ukikusanywa kabla hajafika swali la kumi. Yule mwenzake wa idara aliyeshinda ile kura alikuwapo siku hiyo, akaambiwa, akajibu kwamba msichana ni mzembe. Msichana huyo aliacha shule akiwa darasa la tano, na mwandishi hajui neno jingine la kuliita jambo hilo ila hasara iliyopigiwa kura.

Njia ya kumsaidia mtoto wa namna hiyo haihitaji kifaa cha gharama. Mtoto hufundishwa kuliona neno kwa vipande vyenye maana badala ya silabi tupu, kwa mfano “ali-ye-m-nunulia”, ili viambishi anavyokutana navyo kila siku, kama “wana-”, “tuta-” na “hatu-”, vitambulike kwa mtazamo mmoja. Kisha kifungu kifupi kilekile husomwa mara nne kwa siku, kwanza mwalimu akisoma na mtoto akifuatisha kwa kidole, na muda wa kila mara huandikwa ili mtoto ayaone maendeleo yake mwenyewe. Hatimaye maswali yake huulizwa kwa mdomo, ili ujuzi wake wa sayansi au maarifa ya jamii usizikwe na mwendo wake wa kusoma. Walimu wanaotaka ubingwa zaidi wanacho chuo cha elimu maalumu cha Patandi, mkoani Arusha, lakini mtoto wa darasa la kwanza hawezi kumsubiri bingwa.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliweka KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mbele ya yote, na mwandishi anaupongeza kwa dhati. Hata hivyo vijana wanaojiandaa kuwa walimu wanapaswa kuelewa kwamba hakuna mtaala unaomtazama mtoto, na kwamba kazi hiyo ni yao. Wajue pia kwamba kanuni za serikali huruhusu adhabu ya viboko kwa makosa makubwa ya nidhamu tu na chini ya mamlaka ya mwalimu mkuu, na kusoma polepole si kosa la nidhamu. Anayemchapa mtoto kwa sababu hiyo anafanya kile alichokifanya mwandishi akiwa na miaka 16, bila kuwa na udhuru aliokuwa nao wa kutofundishwa.

Kwa wakuu wa vyuo ombi ni moja: wiki tatu za daftari zirudishwe. Gharama yake ni daftari moja la kurasa 48 kwa kila mwanachuo, na saa moja ya mkononi kwa kila darasa.